Siku mfenesi ulipoangukia nyumba yetu Kisarawe, tukiwa wawili tu, mimi na mama mkwe

Wakuu, habari za humu ndani. Wadogo zangu na wajukuu zangu mliotaka kuniamkia, marahaba kwa wote kwa pamoja, tusichelewe.

Mimi ni bibi. Umri unaisogelea tisini. Nakaa Kibaha, Pangani, hii yetu ya hapa, siyo ile ya Tanga. Uzi huu nauandika mwenyewe kwa kidole kimoja tangu jana asubuhi, nimepumzika mara mbili kwa ajili ya macho. Mkikuta herufi imekosekana, ijazieni wenyewe twende mbele.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu. Juzi kwenye uzi mmoja wa mvua, mwenzenu aliandika kwamba wanawake wa zamani likitokea balaa kazi yao ilikuwa kupiga mayowe na kusubiri wanaume. Watu wakagonga like nyingi sana.

Nikaweka simu chini, nikanywa maji. Kisha nikaona hapana, na mimi niseme langu.

Hii siyo chai. Wengi walioshuhudia wameshatangulia mbele ya haki, lakini mimi nipo, na kovu lipo kwenye kiwiko cha kushoto.

Mwaka wenyewe siujui. Tulikuwa bado chini ya Mwingereza, na picha ya malkia ilikuwa imeshaingia kwenye sarafu. Mimi nilikuwa na kama miaka kumi na saba, nimeolewa Kisarawe nikitokea kwetu Mlandizi. Ndoa ilikuwa na miezi mitano.

Mume wangu, Salehe, alikuwa kuli bandarini mjini. Akiondoka Jumapili anarudi Jumamosi. Siku zote za katikati nyumba ilikuwa ya watu wawili: mimi na mama yake, Bi Mwanahawa.

Niseme ukweli kuhusu Bi Mwanahawa. Hakuwa mbaya, ila hakunitaka. Alikuwa na msichana wake wa Kisarawe kichwani, mtoto wa rafiki yake, na mwanawe akaenda kuleta mtu wa bondeni, wa huko mtoni Ruvu. Kwa miezi mitano hakuwahi kuniita kwa jina. Kwa watu alisema "huyu wa Mlandizi".

Nikitwanga, alisema natwanga kama mtu anayefukuza ndege. Nikichota maji, ndoo haijajaa. Mchi wake wa kutwangia, mzito, mweusi kwa uzee, sikuruhusiwa kuugusa. Mimi nilipewa mwepesi.

Sikujibu. Nilifundishwa nisijibu.

Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, paa la makuti, imejengwa kwenye mteremko. Wanaojua Kisarawe wanajua vilima vyake. Nyuma ya nyumba kulikuwa kumekatwa kilima, na juu ya kilima kile kulikuwa na mfenesi mkubwa, alioupanda marehemu baba mkwe. Upande wa chini kulikuwa na korongo, na ng'ambo ya korongo ndiko alikokaa jirani yetu wa karibu, Mzee Shomari.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, ardhi ikawa laini kama uji. Kwa sababu hiyo vyombo vyote vya uani tulikuwa tumeviingiza ukumbini: kinu, michi, jembe, na mafiga tuliyapanga humo humo tukawa tunapikia ndani.

Siku ya nne, baada ya adhuhuri, ndipo upepo ukaja.

Nimeishi miaka mingi na sijausikia tena upepo wa namna ile. Ulikuwa unakuja kwa mafungu. Unatulia, unavuta pumzi, halafu unakuja tena na makuti yote juu yanasimama kama manyoya ya kuku.

Chumba cha nyuma kilianza kuvuja. Humo ndimo mama mkwe alimoweka kapu la mbegu ya mpunga, akawa na wasiwasi nalo. Nikamwambia nitalileta mimi. Akasema nitaliangusha. Akaingia mwenyewe.

Hapo ndipo mfenesi uling'oka.

Sikusikia mti ukianguka. Nilisikia kitu kama nyumba imekohoa. Nikajikuta nimelala kifudifudi ukumbini, mdomo umejaa udongo, sikio moja halisikii. Moto wa mafigani ulikuwa umezimwa na maji. Mbele yangu, pale palipokuwa na mlango wa chumba cha nyuma, palikuwa na makuti na matawi tu, na mwanga wa nje ukiingia kutoka juu.

Nikaita. Nikaita tena. Mara ya tatu akaitika kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeko jikoni. Akasema yuko hapo, na mguu umeshikwa.

Nikatambaa chini ya makuti mpaka nikamfikia.

Alikuwa amelala chali. Ukuta wa nyuma wote ulikuwa chini, na ule mti mnene unaokatiza juu ya kuta, tunauita mtambaapanya, ulikuwa umemlalia juu ya paja la kulia. Juu ya mtambaapanya lilikaa tawi la mfenesi, nene kuliko kiuno changu. Mikono yake ilikuwa huru, kichwa kiko sawa. Nikashukuru Mungu.

Kisha nikahisi baridi magotini.

Maji. Kilima kizima kilikuwa kinatiririkia mle ndani kupitia pale ukuta ulipobomoka. Chumba kile kilikuwa chini kidogo kuliko ukumbi, na mlango wake ulikuwa na kizingiti cha udongo, kirefu, tulichokijenga wenyewe kuzuia maji yasiingie. Sasa kikawa kinayazuia yasitoke.

Yalikuwa yameshafika masikioni mwake.

Wakuu, nataka mnielewe hapa. Mguu haukuwa unamuua. Maji ndiyo yaliyokuwa yanakuja kumuua, naye amelala anayaangalia.

Akaniambia nitoke, nivuke korongo, nikamwite Mzee Shomari na vijana wake. Lilikuwa neno la mkubwa, na kwa mafunzo yangu ilinipasa niseme ndiyo na kuondoka.

Nilitoka mpaka mlangoni. Korongo lilikuwa linanguruma, jekundu, limebeba magogo. Ng'ambo nikaona wanawake wamesimama wanapiga kelele kuelekea kwetu, nao hawawezi kuvuka. Nami nisingeweza. Hata kama ningeweza, kwenda na kurudi, mama angekuwa ameshakufa.

Nikarudi ndani. Nilipopita ukumbini nikaokota jembe.

Aliponiona akakasirika. Akauliza kwa nini sijaenda. Nikamwambia korongo halivukiki, na tena hata lingevukika nisingekwenda. Ndiyo mara ya kwanza kumjibu.

Sisi watu wa mtoni tunalelewa na maji. Ruvu ikija juu, inaingia mpaka kitandani. Baba yangu alitufundisha tangu tukiwa wadogo kwamba maji yakishaingia ndani usishindane nayo kwa ndoo, yatafutie pa kutokea. Sikuwa na elimu nyingine yoyote wakati ule, lakini hiyo nilikuwa nayo.

Kwanza nikalivuta lile kapu la mbegu, nikalisukuma chini ya kichwa chake kiinuke. Likanipa muda kidogo.

Kisha nikaenda kwenye ukuta wa ubavuni, ule unaotazama korongo. Huo ulikuwa umebaki umesimama, na nusu ya paa ilikuwa inauegemea.

Mama akaelewa ninachotaka kufanya. Akasema, "Ukiuvunja huo, paa lote linatushukia."

"Nikiuacha, maji yatakufika kinywani."

Akautazama ukuta. Kisha akasema, "Basi toboa chini kabisa. Katikati ya nguzo. Nguzo usiziguse."

Alikuwa amelala mautini na bado ananielekeza kazi. Na alikuwa na haki, maana ukuta ule aliukandika yeye kwa mikono yake, alijua nguzo ziko wapi. Akanihesabia kutoka pembeni: ya kwanza, ya pili, hapo katikati. Nikapiga jembe hapo.

Udongo wa nje ulikuwa umelowa, lakini wa ndani ulikuwa mkavu na mgumu kama tofali. Nafasi ya kuinua jembe haikuwepo, nilipiga nikiwa nimepiga magoti ndani ya maji. Kila pigo nilisikia paa likilalamika juu ya mgongo wangu. Kiwiko kilikuwa kinagonga fito kila nikirudisha mkono, ndipo nilipopata hili kovu. Sikulisikia mpaka jioni.

Sitawadanganya kwamba sikuogopa. Nilikuwa nalia, ila nilikuwa nalia huku nachimba.

Nyuma yangu mama alianza kusoma shahada. Akaisoma mara moja, mara mbili. Mara ya tatu maneno yakaja na mapovu. Nikageuka. Maji yalikuwa kwenye kidevu, ameinua uso juu kama mtu anayetafuta kitu angani.

Nikaacha jembe, nikaingiza mguu kwenye lile tundu nikapiga teke kwa nguvu zote za mwili wangu.

Bonge la udongo likatoka. Maji yakashika njia.

Mwanzo yalitoka kidogo, kisha yakajipanulia yenyewe, yakawa yanapita kwa kishindo kuteremkia korongoni. Nikakaa pale nikiyaangalia yanavyoshuka: kidevu, shingo, mabega. Ukuta haukuanguka. Mpaka leo nikifikiria tundu lile najisikia kama mtu aliyejenga daraja.

Lakini mguu ulikuwa bado. Na mvua ilikuwa bado, na sehemu nyingine za nyumba zilikuwa zinadondoka kipande kipande.

Nikajaribu kuinua mtambaapanya kwa mikono. Haukujua hata kama nipo.

Nikatazama ukumbini, nikaona kinu.

Nikakiviringisha mpaka chumbani, nikakilaza ubavu karibu na paja lake. Nikapitisha mchi juu yake, ncha moja nikaiingiza chini ya mtambaapanya, nyingine nikaikalia kwa uzito wangu wote. Ukainuka kiasi cha unene wa kidole. Nilikuwa sijafurahi vizuri, mchi ukapasuka, nikaanguka ndani ya tope.

Ulikuwa ule wangu mwepesi.

Mama akasema, "Chukua wangu."

Nikachukua wake.

Sasa likaja tatizo lingine. Nikikalia mchi, mti unainuka, lakini nani wa kumvuta? Nikimfuata kumvuta, mti unashuka tena. Tulikuwa wawili, na mmoja wetu ndiye aliyenaswa.

Nikaenda kuleta mafiga. Mawe yale matatu yalikuwa bado na joto la moto wa mchana, nikayabeba kwa kanga. Nikayaweka karibu na mkono wake. Nikamwambia: mama, mimi nitakaa, mti ukiinuka wewe sukuma jiwe chini yake, mti usirudi.

Nikakaa. Ukainuka. Akasukuma jiwe la kwanza. Tukapumua.

Nikasogeza kinu, nikakaa tena. Jiwe la pili lilikuwa kubwa zaidi, na likakataa kuingia. Nikawa nipo juu ya mchi nabembea kama mtoto, miguu haigusi chini, naye anasukuma kwa kiganja huku anasaga meno. Hakupiga kelele hata mara moja. Nilimsikia tu akisema polepole, "Kaa, mwanangu, kaa, usishuke."

Likaingia.

Jiwe la tatu halikuhitajika. Alijivuta mwenyewe kwa viwiko, nami nikamshika kwapani nikamburuta kwa kinyumenyume, juu ya kizingiti, kupitia ukumbini, mpaka nje kwenye banda la mbuzi. Nilikuwa mwembamba, nyie, na yeye alikuwa mama mwenye mwili wake. Sijui nguvu zilitoka wapi na sitaki kujua.

Tulikuwa tumekaa bandani, mbuzi wanatunusa, tunatetemeka, tulipoona nusu ya paa iliyobaki inateleza taratibu na kulalia chumba kile. 

Mama akasema, "Mbegu zangu."

Nikamtazama. Akanitazama. Tukaanza kucheka, na tukacheka mpaka akashika mguu kwa maumivu.

Mvua ilikatika karibu na magharibi. Korongo likapungua, Mzee Shomari akavuka na wanawe na kamba. Walikuja kufukua maiti. Wakatukuta bandani, mama ananilaumu kwamba sijajifunga vizuri kile kiwiko.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Aliitwa mganga wa kuunga mifupa kutoka kijiji cha pili, akamfunga kwa vipande vya mianzi, akasema asinyanyuke mpaka atakapomruhusu. Tukahamia kwa Mzee Shomari kwa muda. Salehe alipopata habari mjini alirudi usiku wa pili, akakaa chini akishika kichwa. Mama akamwambia aache kulia, akaanze kukata miti ya kujengea.

Sasa sikieni habari ya baba yangu.

Siku ile ya dhoruba, mchuuzi mmoja wa ng'onda, wale samaki wakavu, alikuwa anapita ng'ambo na baiskeli yake. Akaona paa letu liko chini, akasikia wanawake wanalia kwamba ndani kuna watu wawili. Hakungoja kujua mwisho. Kesho yake akafika Mlandizi, na kwa kuwa alijua nyumba niliyotoka, akawapelekea salamu: mtoto wenu na mkwe wake wamefukiwa, watu wanafukua.

Baba akainuka. Akachukua bafta nyeupe ya sanda, akaikunja na ubani ndani yake, akaondoka. Alifuata reli kwa miguu, akalala Soga, akapita Pugu, akapanda kilima cha Kisarawe akiwa na bafta ile kwapani, kitambaa cha mtu mmoja.

Alinikuta nimesimama ndani ya shimo la udongo, nakanyaga tope la kukandikia ukuta mpya, kanga nimeifunga kifuani, nimechafuka mpaka nywele.

Nikamwambia shikamoo baba.

Alisimama tu. Kisha akakaa chini barabarani na kanzu yake.

Bi Mwanahawa alikuwa amevushwa korongo na kitanda chake, amelazwa kando ya banda la mbuzi anatusimamia. Ndiye aliyemsimulia. Alimweleza kila kitu, tundu, kinu, mafiga, na mahali alipoongeza chumvi sikumsahihisha. Alisema na hili mbele ya watu wote, "Mtoto wako nilimwona mimi ni hasara. Hasara ilikuwa ni macho yangu."

Baba akaomba aonyeshwe ukuta. Ule wa ubavuni ulikuwa bado umesimama peke yake, kila kitu kingine kimelala. Akachuchumaa, akapima tundu kwa mkono, akatazama maji yalikopita. Alikuwa mtu wa maneno machache sana.

Akasema, "Umetoboa mahali pake."

Wakuu, nimepata watoto saba. Nimekwenda Makka. Watoto wa watoto wangu wamesoma hapo Tumbi, na mmoja ana kazi nzuri kiwandani Zegereni. Sifa nyingine zote nimezisahau, lakini hiyo ninayo.

Ile bafta mama mkwe aliitaka. Watu wakasita, sanda ni sanda. Akasema aliyekusudiwa hakufa, kwa hiyo ni kitambaa. Nusu ikachanwa kumfungia mianzi ya mguu. Nusu nyingine ikakaa sandukuni mpaka mwaka uliofuata, nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama akakata mwenyewe nguo za kumvika. Mwanangu wa kwanza alivaa sanda ya mama yake, na akakua akawa mtu mrefu kuliko mlango.

Bi Mwanahawa alitembea tena, akichechemea kidogo. Tulikaa pamoja miaka mingi, tukigombana vizuri kama watu wanaopendana.

Nililojifunza ni hili. Heshima kwa wakubwa ni jambo jema, na nimewafundisha wanangu. Lakini kuna saa ambayo mtu mmoja tu ndiye anayeona maji yalipofika, na mtu huyo anaweza kuwa ndiye mdogo kuliko wote. Saa hiyo usiombe ruhusa. Tazama kinachoua kwanza, kishughulikie hicho, kingine kitangoja. Na usimdharau aliyelala chini ya mti, maana naye ana mkono wa kusukuma jiwe. Bila mkono wa Bi Mwanahawa mimi ningebaki juu ya mchi mpaka kiama.

Na nyie mnaojenga hizi nyumba za kisasa chini ya vilima, yaachieni maji njia.

Nimemaliza. Aliye na swali aulize, nitajibu polepole kwa kidole changu. Ila nina ombi kwa kila atakaye-comment. Kabla hujaandika maoni yako, kama una bibi aliye hai, mpigie simu umuulize siku aliyoogopa kuliko zote, na alifanya nini. Kisha njoo uandike hapa jina lake, tulisome.